Kuizunguka Nairobi na Mwenye Ploti Wangu

Nyinyi watu wa soko la Toi hamna dogo. Nilipofungua kibanda wiki ile, kabla hata sijafunua cherehani, nilikuwa nimeshasikia safari yangu ikisimuliwa kwa namna tatu: kwamba nilibebwa na lori hadi Mombasa, kwamba nilipigana na mwenye ploti wangu katikati ya barabara, na kwamba tulirudi nyumbani tukiwa tunalia kama watoto. Kila habari ina chembe ya ukweli na hakuna hata moja iliyo sawa. Nimechoka kurudia kwa kila anayeleta suruali ipunguzwe, kwa hivyo nimeandika yote hapa. Someni, halafu mniache nishone.

Kwa wasionijua, mimi ni Mwikali, mtu wa Kitui, fundi wa nguo. Nakaa Kawangware katika ploti ya Mama Kui. Ardhi ile aliirithi kwa babake, alizaliwa hapo hapo, na vyumba vyetu vya mabati vimejipanga kuzunguka ua wake. Daktari alipomwambia presha yake inataka mazoezi, alinunua baiskeli. Na kwa kuwa alikuwa ananiona kila asubuhi nikiondoka na yangu kwenda Toi, alinigongea mlango akasema, "Mwikali, nifundishe kuendesha bila kuogopa magari." Kuogopa hakukwisha, lakini urafiki ulianza. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunatoka: Karen, Ngong, Kikuyu. Ouma tulimpata njiani, tukipanda mlima wa Dagoretti. Yeye ni mkulima wa sukuma wiki kule Silanga, kijana wa watu, na mdomo wake hauna breki.

Ni Ouma aliyesema tuzunguke jiji lote bila kuingia katikati, siku mbili, tukilala kwa dadake anayekaa mtaa wa Utawala. Tukakubali.

Kawangware hadi Silanga

Tulitoka Jumamosi alfajiri. Mama Kui alivaa kofia ngumu, glavu na miwani, kila kitu ambacho duka la baiskeli linaweza kumshawishi mtu anunue. Mimi nilikuwa na baiskeli yangu ya mitumba na shati nililolishona mwenyewe. Nilikuwa nimeshona mashati matatu yanayofanana, kwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee kilichobaki kwenye oda ya kwaya. Niliona tutapendeza na madereva watatuona kwa mbali. Mashati hayo yalituletea mambo, subirini.

Tulikata Toi mkiwa bado mmelala, tukaingia Kibera. Mteremko wa kwenda Silanga ulimtisha Mama Kui, akashuka akakokota baiskeli. Ouma tulimkuta amevaa gambuti, amesimama katikati ya sukuma.

"Niaje Ouma! Si tulisema tuondoke mapema?" Mama Kui akamwita.

"Mathe, sukuma haijui mapema. Mpira umepasuka, maji yote inaenda kwa jirani."

Ikabidi tusaidie. Mama Kui alivua glavu zake akashika mpira huku Ouma akiufunga kwa utepe wa tyubu kuukuu. Ulimponyoka, ukamrushia maji kuanzia miwani hadi viatu. Wamama wanaouza makaa pale kando walipiga vigelegele. "Huyo ndio landilodi wa Kawangware? Ananyunyiziwa kama nyanya!" Mama Kui ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akaketi kwenye tuta. Nilimpenda sana asubuhi ile. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Mkewe Ouma alitufungia viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya karatasi, tukaondoka tumechelewa, tumelowa, na roho safi.

Silanga hadi Rongai

Barabara ya Lang'ata Jumamosi si mbaya ukikaa pembeni na ukiwa na shingo ya kuangalia nyuma. Tatizo ni ule mlima baada ya daraja la Mbagathi. Ouma alikuwa na blakmamba, ile baiskeli nyeusi nzito ya kubebea mizigo, na alipanda nayo huku amesimama kwenye pedali, akiongea. Mama Kui alikuwa akipumua kama kiyoyozi cha basi. Mwendesha boda mmoja alipunguza mwendo akampigia kelele, "Mathe, nikupe sukuma?"

"Sukuma nimetoka kuinyunyizia Silanga!" akamjibu, na boda nusura aingie mtaroni kwa kicheko.

Rongai tuliingia hoteli ya chai na mandazi. Hatujamaliza kikombe cha kwanza, mwenye hoteli, mama mnene mwenye aproni ya maua, akaja akasimama mbele yetu mikono kiunoni.

"Nyinyi ni wa chama gani? Hii rangi sijaiona."

Kabla sijasema ni mabaki ya kwaya, Ouma akamwonyesha Mama Kui kwa kidole. "Mheshimiwa ndiye huyu. Anazunguka na baiskeli ndio ajue shida za wananchi."

Aki ya Mungu, hoteli nzima iligeuka. Mmoja alilalamikia maji, mwingine takataka, mwingine akauliza kama tumeleta unga. Nilitaka kuingia chini ya meza. Lakini Mama Kui alifuta midomo, akainuka, akainua mkono. "Watu wa Rongai! Unga sijaleta. Nimeleta masikio!" Walipiga makofi. Tuliletewa chapati ambazo hatukuagiza, na maharagwe juu yake. Tulipotoka Ouma alimfungulia njia akisema, "Pisha mheshimiwa, pisha mheshimiwa," na yeye akawa anapungia watu kweli kweli.

Rongai hadi Kitengela

Njia ya Tuala ndiyo iliyotunyenyekeza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ule udongo mweusi wa kule ukilowa hauachi mtu. Ulijaa kati ya gurudumu na fremu mpaka magurudumu yakakataa kuzunguka. Baiskeli ya Mama Kui, ile ya bei, ndiyo ilikuwa ya kwanza kugoma, kwa sababu nafasi yake ya gurudumu ni nyembamba kama mdomo wa bahasha. Tuliisafisha kwa vijiti, tukapiga hatua chache, ikajaa tena. Mwishowe Ouma aliiweka juu ya blakmamba yake kama mbuzi, tukasukuma.

Mama mmoja Mmasai aliyekuwa anachunga alisimama akatutazama kwa muda.

"Hiyo inabebwa ndio ipate nguvu?" akauliza.

"Imechoka, mama," nikamwambia.

"Na nyinyi?"

 Akatuonyesha kwa fimbo njia ya mbuzi kando ya seng'enge, penye nyasi, na kweli huko matope yalipungua. Tulikula viazi vitamu tukiwa tumeketi juu ya jiwe, pundamilia wawili wakitutazama kwa mbali. Mama Kui alisema hajawahi kula kiazi kitamu namna ile, na mimi nilikubali, ingawa nadhani ni njaa iliyokuwa ikisema.

Kitengela tulifika mchana tukiwa na rangi mbili: damu ya mzee kiunoni kwenda juu na matope kiunoni kwenda chini. Tukaagiza nyama choma, ugali na kachumbari. Na hata huko mashati yalitangulia mbele yetu. Watu walianza kuuliza chama, Ouma akaanza tena habari za mheshimiwa, na Mama Kui akakaa wima kama kwamba kiti kile amekizoea.

Msichana aliyetuletea maji ya kunawa hakucheka. Aliweka jagi chini akasema kwa sauti ya chini, "Mheshimiwa, naomba niulize. Sisi tunaishi kwa ploti moja hapo nyuma, familia nyingi. Juzi tumeamka tukapata karatasi chini ya mlango. Tuhame, wanabomoa. Mwenye nyumba hata hajakuja kutuangalia na macho. Ukichaguliwa utatusaidia aje?"

Ouma alimgeukia Mama Kui akingojea kichekesho. Mama Kui alikuwa ameshika mfupa. Akauweka kwenye sahani polepole.

"Mimi si mheshimiwa, mtoto wangu," akasema. "Mimi ni mama tu wa Kawangware. Pole."

Akainuka kwenda kunawa, na ingawa jagi lilikuwa pale mezani, alikwenda mpaka kwenye bomba la nyuma. Alikaa huko muda mrefu. Nilipokwenda kumtazama, alikuwa amesimama tu, maji yanamwagika.

Kitengela hadi Utawala

Tuliendesha, Mama Kui akiwa nyuma yangu, mpaka tulipokaribia Athi River. Hapo, kando ya ukuta wa kiwanda, akaniita. "Mwikali, simama kidogo." Ouma alikuwa ametangulia.

"Vijana wangu wanataka kubomoa ploti," akasema, akiangalia usukani wake. "Wajenge ghorofa. Tumeshakubaliana. Mwezi ujao wakala atawapelekea watu notisi."

"Watu gani?"

"Nyinyi."

Malori yalipita. Nakumbuka nilikuwa naondoa matope kwenye breki kwa ukucha, na niliendelea kuyaondoa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya Pasaka."

Jumapili zote zile. Karen, Ngong, Kikuyu, tukigawana chungwa moja kando ya barabara. Nilipanda baiskeli nikaondoka.  Nilimpita Ouma, nikaingia Barabara ya Mombasa, na nawaambia sijawahi kuendesha vile maishani. Hasira ni mafuta mazuri, ila haina macho. Nilipita Mlolongo, nikapita Syokimau, na pale pa kukunja kwenda Utawala nikapita pia bila kuona, nikielekea mjini, mpaka gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro uliokosa kifuniko. Nilirushwa juu ya usukani, nikaangukia goti na kiganja.

Lori ndilo hili sasa. Lilikuwa limeegeshwa pale pale, na dereva alikuwa anakunywa chai kivulini. Alikuja mbio.

"Pole sana dada! Hebu keti kwanza. Umeumia wapi?"

"Niko poa."

"Poa gani hiyo, na damu yatiririka?"

Kwa Kiswahili hicho nilijua ni mtu wa pwani. Aliniambia anaitwa Juma. Alinisafisha goti kwa maji ya chupa, akalifunga kwa leso safi, akanimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Hakuniuliza ninalilia nini. Aliisimamisha baiskeli, akaizungusha magurudumu, akasema, "Mimi naelekea Nakuru. Nitapita Kangemi. Wataka tukupeleke, wewe na chombo chako?"

Kangemi! Kutoka pale ni kutelemka tu mpaka mlangoni kwangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo nilipomwona Mama Kui.

Alikuwa anakuja kwenye njia ya miguu, kofia imekwenda upande, malori na mabasi yakinguruma mita chache kutoka kwenye bega lake. Huyu ni mtu ambaye akisikia honi nyuma yake hushuka. Hakushuka. Alikuwa analiita jina langu kwa sauti, na Ouma yuko nyuma yake.

"Nilifikiri umegongwa," akasema alipofika. 

"Nimegongwa. Na wewe."

Akashuka baiskelini. "Nilitaka nikwambie wewe kwanza."

"Kwa nini mimi?"

Akasema ukweli, na kwa hilo namheshimu. "Nilifikiri nikikwambia wewe, wewe utawaambia wenzako. Wanakusikiliza. Mimi siwezi kusimama mbele yao."

"Mama Kui, baiskeli yangu haina keria. Hayo maneno siwezi kukubebea."

"Sasa nifanye nini?"

"Utawaambia mwenyewe. Kwa mdomo wako, hapo uani, tukifika. Hakuna wakala, hakuna karatasi chini ya mlango. Ukikubali, tunamaliza hii safari pamoja. Ukikataa, napanda hili lori na tumemalizana."

Ouma aliangalia viatu vyake. Mama Kui aliniangalia mimi, halafu barabara, halafu mimi tena.

"Nitawaambia," akasema.

Juma alikohoa kidogo. "Samahanini jamani. Basi baiskeli niipandishe, au nisiipandishe?"

"Usiipandishe, kaka. Asante."

Alinilazimisha niichukue leso yake. Tulirudi nyuma polepole mpaka njia ya Utawala, goti langu likilalamika kila pedali. Akinyi, dadake Ouma, alikuwa amepika samaki wa nazi? La, hao ni wa pwani, kwa kina Juma. Wa Akinyi alikuwa mbuta wa kukaanga, na osuga, ile mboga chungu ya kienyeji, iliyolala kwenye maziwa, na ugali mkubwa kama kichwa. Mama Kui na mimi tulikula sahani moja kwa sababu sahani zilikuwa chache. Aliniachia upande wa tumbo la samaki, ule wenye mafuta, na mimi niliula.

Utawala hadi Ruaka

Asubuhi goti lilikuwa limevimba kama andazi. Akinyi alisema nipumzike, nikakataa. Goti likikaa linaganda, likiendeshwa linalainika. Na kweli, tulipofika Kamakis lilikuwa limenisahau.

Kimya cha mimi na Mama Kui kilimsumbua Ouma kuliko sisi wenyewe. Alijaribu kuimba wimbo wa kanisa, akasahau ubeti, akatunga wake. Alitusimulia maisha ya kila jirani wa Silanga. Mwishowe akasema, "Sawa, basi nyamazeni, mimi naenda mbele nikaongee na upepo," na akaenda.

Vilima vya njia ile ya kaskazini haviishi. Unashuka ukifurahi, unapanda ukilipa. Katikati ya mlima mmoja tulishuka sote wawili, tukakokota bega kwa bega, na hapo ndipo nilipomuuliza lililokuwa kichwani mwangu usiku kucha.

"Watoto wa hiyo ploti wako shuleni, Mama Kui. Mkibomoa mwezi ujao, wataenda wapi katikati ya muhula?"

"Vijana wamesema wakandarasi wako tayari."

"Hiyo ardhi ni ya nani?"

Alisimama. Nadhani kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza hivyo. Alivua glavu, akatoa simu, akampigia mwanawe mkubwa. Alizungumza Kikikuyu, lakini mtu akikaa Kawangware kama nilivyokaa mimi, masikio hujifunza yenyewe. Mwanzo alikuwa anaeleza. Halafu alikuwa anabishana. Halafu akasema, kwa sauti iliyowafanya wauza miwa wa ng'ambo wageuke, kwamba haombi ruhusa, anamwarifu: watu watakaa mpaka shule zifunge mwisho wa mwaka, na asiyetaka kungoja akajenge kwake.

Alikata simu akabaki ameishika, kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Kubomoa kutabaki pale pale, Mwikali," akasema. "Hilo siwezi kukudanganya."

"Najua."

"Bado umenikasirikia?"

"Bado. Lakini twende, jua linapanda."

Akacheka kidogo, na mimi pia, na tukapanda juu ya tandiko.

Ruaka hadi Kawangware

Mvua ilitukuta Wangige. Tulijibanza chini ya mwavuli wa mama anayechoma mahindi, tukala mahindi yenye ndimu na pilipili mpaka midomo ikawaka. Mama yule naye aliangalia mashati yetu akafungua mdomo, na Ouma akamwahi: "Kwaya, mathe. Sisi ni kwaya." Akataka tumwimbie. Ouma alimwimbia ule ubeti wake wa kutunga, na mama akasema amen.

Kutoka hapo nilikuwa nimeshaanza kujipangia. Makina kuna vyumba, na kutoka Makina hadi kibanda changu ni mwendo wa kukohoa mara mbili. Mimi nilifika Nairobi na mfuko mmoja na mkasi. Nimewahi kuanza, naweza kuanza. Nilikuwa nawaza hayo huku nashuka Uthiru bila kushika breki, mvua imekatika, barabara inang'aa, na nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Huzuni ilikuwepo, lakini miguu yangu ilikuwa imeizunguka Nairobi nzima na hakuna mtu angeweza kuninyang'anya hilo.

Tulipofika Kangemi, Ouma alipaswa kutuacha arudi kwake. Hakutuacha. "Nitawafikisha," akasema, na hakuongeza neno, jambo ambalo kwake ni muujiza.

Uani walikuwa wanatungoja. Watoto walipiga sufuria kwa miiko, wamama wakatoka vyumbani na mikono yenye unga, mtu akapiga kelele, "Landilodi amezunguka Nairobi!" Walitukumbatia tulivyokuwa, matope na yote. Mama Syombua, mzee kuliko sote pale, mtu wa Machakos anayeuza githeri, alishika mashavu ya Mama Kui akasema, "Tulikuombea, wewe."

Mama Kui alijitoa mikononi mwake. Aliangalia lango la nyumba yake, hatua chache tu, lililo wazi. Halafu akanigeukia. Sikumsaidia. Nilitingisha kichwa tu, kidogo, kumkumbusha ahadi yake.

Akavua kofia. "Watu wangu, nyamazeni kidogo. Kuna neno."

Alilisema lote mara moja, haraka, bila kupumua: vijana, ghorofa, kubomoa, mwisho wa mwaka. Machozi yalichora mistari kwenye matope ya mashavu yake. Alipomaliza, hata watoto walikuwa wameshusha sufuria. Mtu mmoja nyuma alianza kusema kitu kikali, akaacha katikati. Mwingine alikuwa analia. Nadhani nilikuwa mimi.

Mama Syombua aliingia chumbani kwake akatoka na kigoda na kikombe cha maji. Akakiweka kigoda katikati ya ua.

"Kaa kwanza, Mama Kui," akasema. "Kunywa maji. Halafu utuambie tena, polepole, tusikie vizuri."

Mama Kui akaketi. Akanywa yote. Watu wakasogea karibu, wengine wakachuchumaa, na akaanza upya tangu mwanzo, akijibu kila mmoja kwa jina lake. Mimi nilisimama nyuma yake, nimeshika baiskeli zote mbili, mpaka alipomaliza.